Hakuna Aliyemuuliza Tessa

Siku Tessa Hagedorn alipoziambia timu mbili za kulipwa za mpira wa kikapu, moja ya huku kwetu Marekani na moja ya Italia, kwamba haendi, watu wa Holtsburg hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Kwenye duka la vifaa, muuzaji aliniuliza kama sasa roho yangu imetulia, maana mpenzi wangu anabaki. Kiwandani, tunakotengeneza makabati ya jikoni, wenzangu walibandika picha yake kwenye mashine yangu ya randa. Tessa ameruka, mpira uko kwenye ncha za vidole, na nyuma yake ukumbi mzima umesimama. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya seremala, "Na huyu Nolan Betz ndiye aliyemzuia." Ulikuwa utani. Niliibandua picha, nikaikunja, nikaitia mfukoni, na sikucheka.

Katika sehemu yetu hii ya Indiana mtoto huanza kudunda mpira kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Tessa alikuwa bora kuliko yeyote aliyepata kuzaliwa hapa, mwanamume au mwanamke. Baba yake, Alvin, mfuga bata mzinga, alimsimamishia goli kwenye ukuta wa ghala alipokuwa na miaka mitano. Chuoni alicheza miaka minne, akavunja rekodi ya pointi, na mwezi wa tatu mwaka ule aliifikisha timu yake nusu fainali ya taifa. Kisha akarudi nyumbani na kusema kwamba atafundisha hesabu na kuwa kocha wa wasichana katika sekondari yetu. Msimu uliopita wasichana hao walikuwa wameshinda michezo miwili kati ya ishirini na miwili.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliitwa kwao kula chakula cha mchana.

Mama yake, Bi Verna, alikuwa amekaanga kuku na kuponda viazi, na kulikuwa na tambi nzito zile wanazozimimina juu ya viazi. Nilikaa mkabala na Tessa. Nywele zake zilikuwa bado mbichi. Alipokuwa akinipa bakuli la maharage alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, nami nikamtazama hivyo hivyo, mpaka Bi Verna akalipokea bakuli mwenyewe.

Alvin hakusema neno mpaka alipomaliza paja la kuku.

"Yule mtu wa Italia alipiga simu tena asubuhi," alisema.

"Ukamwambia nini?" Tessa aliuliza.

"Nilimwambia uko kanisani."

"Ungemwambia jibu ni lile lile, baba."

"Jibu hilo ni lako. Mimi halinitoki mdomoni."

"Alvin, kula," alisema Bi Verna.

"Si ninakula."

Alikula kweli, kwa muda, akitazama sahani. Halafu akaniinulia kidevu. "Nolan, ukimaliza twende ukaniangalizie feni ya banda la pili. Inapiga kelele."

"Feni yako haina ugonjwa wowote," alisema Tessa.

"Nimesema inapiga kelele."

Tessa alifuta mikono akasimama. "Haya. Mimi nipo jimu ya shule, nina funguo siku hizi. Mkimaliza kuitibu feni, mgonjwa mwenyewe atakuwa kule." Aliponipita alinigusa bega, kugusa kwa kupita tu, lakini nililisikia joto la mkono wake mpaka nilipofika bandani.

Feni ilikuwa ikizunguka taratibu na bila sauti. Alvin hakuitazama hata mara moja. Bata mzinga walimzunguka kama wanavyomzunguka mtu mwenye chakula, naye alisimama katikati yao mikono ikiwa mifukoni, mtu mkubwa wa miaka sitini mwenye mabega ya kubeba magunia.

"Sikuchukii, kijana," alianza. "Nataka ulijue hilo kwanza."

"Najua, Bwana Hagedorn."

"Nilianza kumwendesha kwenda michezoni akiwa na miaka minane. Louisville, Dayton, Saint Louis. Tulilala ndani ya gari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ndugu yangu wa pekee alizikwa Jumamosi moja, mimi nikiwa Columbus nimekaa kwenye benchi la mbao natazama wasichana wa miaka kumi na mitatu wanacheza mpira." Alimsogeza bata mzinga mmoja kwa mguu. "Tessa hakuniomba. Nilichagua mwenyewe. Nakuambia tu ili ujue ninaongea kama nani."

Nilisema naelewa.

"Ana miaka ishirini na miwili. Magoti yake mazima. Ukocha utamsubiri hata afike arobaini. Kule hawamsubiri mtu. Sasa niambie kama nasema uongo."

"Husemi uongo."

"Mama yake ameshamwambia. Mimi nimeshamwambia mpaka nimechoka. Umebaki wewe. Mwambie aende."

"Na akikataa?"

"Basi mwache," alisema, na sauti yake ikashuka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Mwache, ili hapa pasiwe na kitu cha kumshika."

Nilitoka bandani bila kumwambia kwamba jambo hilo nilikuwa nimeshalifanya mara moja.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Tessa alikuwa chuoni, mwendo wa saa tatu kwa gari, na kila aliyeniona alikuwa na habari zake kabla yangu. Nilianza kuona kwamba mimi ni jiwe lililofungwa kwenye mguu wa mtu anayejua kuruka. Basi nilimpigia simu nikamwambia nimempata mwanamke mwingine, wa Evansville, mwenye saluni. Sikujua mwanamke yeyote mwenye saluni. Tessa alisema, "Sawa, Nolan," akakata. Miezi miwili nilifanya kazi, nikala, nikalala, na nisingeweza kukueleza ladha ya chochote. Msimu ulipokwisha alirudi nyumbani, dada yangu Jolene akamwambia ukweli mbele ya duka la mikate, na kesho yake Tessa akaingia karakana yangu, akafunga mlango, akasema, "Saluni yenyewe inaitwaje?" Tukarudiana hapo hapo, vumbi la mbao likiwa limetujaa hadi kwenye nyusi.

Majuma mawili baadaye akatangaza kwamba haendi popote. Ungekuwa wewe ungefikirije? Nilifikiri kama walivyofikiri wote.

Mlango wa jimu ulikuwa wazi. Tessa alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, miguu yake mirefu ameinyoosha, akiwa na pampu mkononi na mipira imemzunguka. Mingi ilikuwa imelegea kama maboga yaliyooza.

"Feni ilikuwa na nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Haina kitu."

"Nilijua. Amekuambia unisukume niende, au uniache?"

"Kimoja kikishindikana, kingine."

Alicheka kidogo kwa pua, akaendelea kupampu. Nilikaa mbele yake kwenye mbao. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani kwao, na nikayasema upesi kabla hayajanikimbia.

"Nenda, Tess. Mwaka mmoja tu, miwili ukipenda. Mimi sihami. Kiwanda hakihami."

"Sitaki."

"Basi mimi na wewe tuishie hapa."

Mkono wake ulisimama juu ya pampu. Aliinua macho akanitazama, na sitasahau namna alivyonitazama, kwa sababu hakukuwa na machozi wala hasira. Alikuwa ananipima, kama anavyompima mchezaji aliye mbele yake kabla ya kuamua apite upande gani.

"Mara ya pili hii," alisema. "Safari hii anaitwa nani?"

"Hakuna mtu. Safari hii nasema kweli."

"Kweli ipi hiyo? Hebu niisikie."

"Kwamba siwezi kuamka kila siku miaka hamsini nikijua uliiacha dunia kwa ajili ya fundi wa makabati. Ipo siku utanitazama wakati wa kifungua kinywa na kupiga hesabu. Na wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

"Nani alikuambia niliacha kwa ajili yako?"

"Kila mtu."

"Mimi nilikuambia?"

Nilifikiri. Nilirudi nyuma siku kwa siku, nikatafuta. "Hapana."

"Uliniuliza?"

Niliubonyeza mpira uliolegea uliokuwa karibu nami.

"Hukuniuliza. Baba hakuniuliza. Mwandishi wa gazeti hakuniuliza, aliandika tu kwamba 'mapenzi yameshinda', mama akalikata na kulibandika kwenye jokofu." Aliuweka mpira pembeni. "Nilisaini kazi hii tarehe kumi na moja mwezi wa pili, Nolan. Mzee Lindauer aliniambia anastaafu ukocha, nikaendesha gari siku isiyo na mazoezi, nikasaini ofisini kwa mkuu wa shule, nikarudi chuoni jioni ile ile. Nilimwomba asimwambie mtu mpaka msimu uishe."

Nilihesabu miezi kichwani. Nilihesabu mara mbili.

"Mwezi wa pili mimi na wewe tulikuwa..."

"Mwezi wa pili wewe ulikuwa na mwanamke mwenye saluni. Ndivyo nilivyojua. Nilikuwa nakuchukia kuanzia asubuhi mpaka chakula cha jioni. Nilijua nikirudi mji huu nitakuona naye kanisani, nitakuona naye dukani, mtakaa pale juu," alionyesha viti kwa kidole, "mnakula bisi huku nafundisha. Na bado nikasaini."

Kiwandani kuna wakati unainama kunyanyua kabati ukidhani limejaa, umekaza mgongo na mikono, kumbe ni tupu, nalo linakuja juu kwa nguvu zako mwenyewe na kukuyumbisha. Ndivyo nilivyokuwa. Miezi ile yote nilikuwa nimeubeba mzigo ambao haukuwapo. Na nitasema ukweli wote: kwanza iliniuma. Nilikuwa nimeogopa kuwa mimi ndiye sababu, na huku ndani, mahali ambapo nisingemwonyesha mtu, nilikuwa nimejivunia.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza.

"Kwa sababu ulifurahi kidogo. Usibishe, nilikuona. Na baba alikuwa na mtu wa kumlaumu, akapata nafuu. Kila mmoja wenu anataka awe yeye. Yeye awe sababu ya mimi kucheza, wewe uwe sababu ya mimi kuacha. Mimi mwenyewe niko wapi hapo?"

"Basi nakuuliza sasa. Kwa nini?"

Aliuzungusha mpira mmoja sakafuni kwa kiganja.

"Unamkumbuka Odette Pruitt?"

Nilimkumbuka kwa shida. Msichana mwembamba wa timu yake, kila mara nilimwona amevaa koti la mazoezi kwenye benchi.

"Miaka mitatu aliingia uwanjani pale tu tulipokuwa mbele kwa pointi thelathini. Mwezi wa kwanza, kocha alikuwa na mafua, hana sauti kabisa. Zilibaki sekunde kumi na mbili, tuko nyuma kwa pointi moja. Akanipa ubao wa kuchorea mchezo, akanionyesha kwa mkono, chora wewe. Watu wote mle ndani walijua nitarusha mimi. Mpaka muuza soda alijua. Nikamchorea Odette. Nilikuwa nimemwona mazoezini, akiwa kona ya kushoto hakosi. Nikamwambia, 'Watatu watanifuata mimi. Wewe simama pale, mpira utakukuta.' Alikuwa anatetemeka."

"Akafunga."

"Akafunga. Na mpira ulipoingia hakutazama viti wala hakutazama saa, aligeuka kunitafuta mimi." Tessa alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Siku ile nilifunga pointi thelathini na moja na sikumbuki hata moja. Nilirudi chumbani nikalia mpaka macho yakavimba. Ilikuwa wiki ile uliyoniacha, nikadhani nalia kwa ajili yako. Kumbe wewe ulikuwa nusu tu."

"Nusu si haba," nilisema.

"Si haba," alikubali, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale, pembe ya mdomo wake ilicheza.

Taa za jimu zilikuwa zikilia juu yetu.

"Kucheza nakujua," aliendelea. "Na kocha naye analia, anafungwa, anafukuzwa kazi, hilo najua pia. Lakini nataka hiki. Nimekitaka mwenyewe, na nilikitaka wakati wewe hukuwamo. Kwa hiyo sikurudi kwa ajili yako, Nolan. Hilo libebe utakavyoweza. Ila nimeshafika, na wewe uko hapa, na nakutaka. Hayo ni mambo mawili. Usiyachanganye."

Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia kwa ajili ya ile simu ya mwezi wa kwanza, na kwa ajili ya leo.

"Ukitaka kuniacha," alisema, "niache kwa mambo yangu mwenyewe. Sijui kupika. Nakoroma. Kuanzia mwezi wa kumi na moja nitakuwa kwenye basi la shule kila Jumanne na kila Ijumaa na wasichana kumi na wawili wanaoimba vibaya."

"Unakoroma kweli."

"Nimesema."

"Kama trekta la zamani."

"Sasa si umesikia? Amua."

Nilitambaa katikati ya ile mipira nikambusu. Ilituchukua muda. Mpira mmoja uliokuwa umejazwa vizuri ulibingirika peke yake mpaka ukutani, na hakuna aliyejali kuufuata.

"Twende tukamwambie baba," alisema baadaye, akininyoosha ukosi.

"Nimwambie mimi?"

"Nitasema mimi. Wewe simama tu, usitoroke."

Tulimkuta Alvin mezani na kikombe cha kahawa, Bi Verna akikata pai ya maziwa na sukari. Alinitazama usoni kwanza, akitafuta kama nimefanya alichoniomba. Kisha akauona mkono wangu umeshikwa na mkono wa Tessa, akashusha macho.

Tessa alisema bila kukaa. Alisema tarehe, akasema ofisi ya mkuu wa shule, akasema habari ya simu yangu na mwanamke wa Evansville asiyekuwepo. Bi Verna alikiweka kisu chini. Aliponitazama nilitamani sakafu ipasuke.

"Mwezi wa pili," alisema Alvin. "Ulikuwa bado unacheza."

"Ndiyo."

"Michezo yote ile ya mwezi wa tatu. Nimekaa pale nalia kama mtoto kwa furaha. Ulikuwa umeshasaini?"

"Ndiyo maana nilicheza vile, baba. Sikuwa na kitu cha kuogopa tena."

Alvin aliinuka akaenda dirishani. Huko nje hakukuwa na cha kutazama ila mabanda na barabara. "Ningekuwa nimejua," alisema, "ningekwenda kumzika Dale."

Dale alikuwa ndugu yake. Bi Verna alitaka kusema kitu, Tessa akamzuia kwa kiganja.

"Nilijua siku ile ile," alisema Tessa. "Mama aliniambia kwenye simu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo sikuweza kukuambia kwamba nimechoka. Ningewezaje?"

Alvin aligeuka. Uso wake mwekundu ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza niliona wanavyofanana, baba na binti, hasa karibu na macho.

"Ulikuwa unachoka?"

"Mara nyingine."

"Ungeniambia."

"Nakuambia leo."

Alirudi kwenye kiti akakaa kwa uzito. Alikizungusha kikombe mara kadhaa. Nilidhani atasema habari ya timu ya Italia, au atanifukuza, na kama angenifukuza ningetoka bila ubishi, nikamsubiri Tessa barabarani. Alikohoa.

"Yule msichana wako mrefu kuliko wote," alisema, "ana urefu gani?"

Tessa alikaa mkabala naye, polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. "Futi tano na inchi tisa. Na anauogopa mpira."

"Anauogopa mpira." Alvin alifumba macho kidogo. "Basi chini ya goli hamna mtu. Itabidi mkabe uwanja mzima tangu dakika ya kwanza. Muwachoshe."

"Nilifikiri hivyo hivyo. Lakini wenye pumzi ni saba tu."

"Saba wanatosha, ukiwabadilisha mapema."

"Hawatoshi, baba. Mzee Lindauer hakuwakimbiza hata siku moja."

"Wakimbize wewe. Una kiangazi kizima." Alivuta leso ya karatasi na kutoa kalamu mfukoni mwa shati. "Huyo mwoga msimamishe hapa. Hapa, tazama. Mpira usimfikie."

"Hapana. Nataka umfikie. Asipouzoea mwaka huu hatauzoea kamwe."

"Atakufungisha."

"Acha anifungishe."

Alvin alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Halafu akaisogeza leso katikati ya meza akamkabidhi kalamu, naye Tessa akaanza kuchora, vichwa vyao vikakaribiana.

Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni kama nilivyoagizwa. Bi Verna alinikatia kipande cha pai, kikubwa, akakiweka mbele ya kiti kilicho tupu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Hawa wawili wakianza hawamalizi, na kahawa inapoa. Na ile hadithi ya saluni utanieleza vizuri."

Nikakaa. Chini ya meza mguu wa Tessa uliutafuta wangu ukaupata, ukakaa hapo, huku mwenyewe akiendelea kubishana na baba yake bila kunitazama.